Mipira Chini ya Mikorosho ya Mkwe

Nilipooa nilihama Masasi nikapanda Newala, nikaenda kuishi kwao mke wangu badala ya yeye kuja kwetu. Ndugu zangu wa Masasi walicheka, wakasema nimeolewa. Mimi ni mtu wa kujibu, lakini hapo walisema kweli, maana kiwanja nilipewa na ukoo wa mke, nyumba niliijenga jirani kabisa na ya mama yake, na hata shule niliyohamishiwa ilikuwa upande uleule wa mji. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, mwenye maneno mengi na hasira za karibu. Newala niliipenda tangu siku ya kwanza, kwa upepo wake na ubaridi wake, ukizingatia nimekulia kule chini Masasi ambako ile milima ya mawe inatunza joto la mchana mpaka alfajiri.

Kitu kimoja tu kiliniuma. Mama mkwe alikuwa hanisemeshi.

Sisemi kwamba alikuwa amenuna. Katika ukoo ule heshima ya mkwe ilikuwa bado ya kizamani. Nikimwona anakuja njiani napisha pembeni, nainamisha macho mpaka apite. Sili mbele yake, simwiti, simsalimii. Yeye naye hanitazami. Akitaka kitu anamwambia binti yake, na binti yake ananiambia mimi, hata kama sote watatu tuko ua mmoja na kila neno nimeshalisikia. Siku moja mbuzi wangu alikuwa anatafuna muhogo ambao mama ameuanika, nami nimekaa hapo hapo nimempa mgongo, nasahihisha madaftari. Mama alisimama akamwita mke wangu kutoka jikoni, mke wangu akaja akifuta mikono, akaniambia nimfukuze mbuzi. Mbuzi alikuwa ameshashiba.

Heshima hiyo huwa ina mwisho. Mkwe akiridhika na mwanaume, anamfungulia mdomo. Anamsemesha mwenyewe, kwa hiari yake, mahali popote anapotaka, na tangu hapo mnasalimiana kama mama na mwana. Haombwi. Ukituma mtu akakuombee, umejiharibia kabisa. Wakwe wenzangu pale mtaani walifunguliwa baada ya mavuno ya kwanza, na mimi mavuno yalikuwa yanakuja na kupita. Niliambiwa kwa kuzungukazunguka kwamba mama alikuwa anamtakia binti yake mkulima wa korosho, na kwamba aliwahi kusema mikono ya mwalimu ni ya kushika chaki tu.

Ningeweza kuvumilia hivyo hivyo. Lakini mwaka ule mke wangu alipata mimba yetu ya kwanza, na siku moja tukiwa tunabangua korosho nyuma ya nyumba aliniambia wazi kwamba anaogopa. Mama yake hawezi kukanyaga ndani ya nyumba ya mkwe ambaye hajamfungulia mdomo. Haingii, hata nyumba iwe na mgonjwa.

"Sasa mimi nitazaa na nani humu ndani?" aliniuliza. "Na wewe na chaki zako?"

Alisema kwa utani, lakini macho yake hayakuwa ya utani. Mtoto tulikuwa tunamtegemea mvua zikianza, na ule ulikuwa ndio kwanza msimu wa kipupwe. Niliumia, na kwa kuwa nikiumia huwa nakasirika, nilivunja korosho kadhaa zikawa unga.

Ilikuwa miaka ile biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Zamani tulikuwa na mahali pamoja tu pa kuzipeleka, ukishazipeleka unakaa unasubiri. Sasa wanunuzi walikuja na magari yao, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu, na watu walioiacha mikorosho ipotelee kwenye vichaka walirudi kuisafisha na kuipulizia salfa, ile dawa ya ukungu. Asubuhi mji mzima ulinuka salfa, tukaizoea, hata chai tukainywa na harufu yake. Mabati mapya yaling'aa njia nzima ya kwenda Kitangari. Sokoni mitumba ilimwagwa kwa marobota, mpaka wanafunzi wangu wakawa wanakuja shuleni wamevaa makoti ya nchi za theluji.

Katika wanunuzi hao alikuwapo mmoja mtu wa kaskazini, mnene, mcheshi, aliyefika mapema kabla ya msimu ili akague mashamba. Alipanga vyumba karibu na shule yetu. Nyuma ya gari lake alikuwa na mfuko mrefu wa ngozi umejaa fimbo za gofu. Mchezo huo alijifunza ujanani, alipokuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya chai, na alituambia kwamba hawezi kukaa mahali msimu mzima bila kupiga mpira, ataugua. Alizunguka mji akitafuta uwanja, mwisho akakiona kiwanja cha ndege.

Kiwanja kile kilikuwa hakijaona ndege siku nyingi, wenyeji wake walikuwa mbuzi. Mnunuzi alichimba mashimo, akafukia makopo ya maziwa, akasimika mianzi yenye vipande vya kanga ili mtu aone kwa mbali mpira unatakiwa uingie wapi. Nyasi laini za kuzunguka makopo hatukuwa nazo. Tulichofanya ni kupafagia, udongo mwekundu ukatokeza ukawa sakafu, vilevile tunavyofagia chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kuanguka. Alitembea juu ya sakafu ile kwa viatu vyake vyeupe akasema hajawahi kuona mahali pazuri pa kusukumia mpira kama pale. Akatangaza kwamba anayetaka kujifunza, awe mwalimu, karani au mwenye duka, aje jioni.

Nilikwenda kwa udadisi tu. Nikapewa fimbo, nikapiga, nikakosa. Nikapiga tena, nikafumua udongo. Mara ya tatu nilisikia kitu kinaita mikononi mwangu, nikainua macho, na mpira ulikuwa juu. Sijui niseme vipi. Mtu mzima, mwalimu, nina madeni ya kusahihisha madaftari hadi kichwani, na nilijiona nimekuwa mwepesi. Nilifurahi mno.

Kisha mpira ukaanza kujikunja kwenda kulia. Ukajikunja tena, ukavuka mpaka wa kiwanja, ukaingia kwenye mikorosho. Wenyeji wote waliokuwapo waliangua kicheko wakajishika magoti, na mimi nikatazama vizuri lile lilikuwa shamba la nani.

"Kaufuate," mnunuzi akaniambia.

"Siwezi."

"Kuna nyoka?"

"Kuna mama mkwe."

Ilibidi aelezwe. Shamba la mkwe huendi kutafuta kitu chako. Unakwenda kufanya kazi, basi, ukimaliza unaondoka. Tena kwetu kinachoanguka chini ya mkorosho ni cha mwenye mkorosho, hilo hata mtoto anayejifunza kutembea anafundishwa, vinginevyo msimu mzima tungekuwa tunatoana macho. Mnunuzi alisikiliza huku amefungua mdomo. Wakati tunazungumza, tulimwona mama mwenyewe kwa mbali. Aliinama, akaokota kitu cheupe, akakigeuzageuza, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akaendelea na shughuli zake.

Shamba lile lilipakana na kiwanja upande wa kulia, mwanzo hadi mwisho, na mipira yangu yote ilikuwa inakwenda kulia. Wenzangu walipiga ovyo, mara huku mara kule, na mipira yao waliiokota. Mimi peke yangu nilikuwa na msimamo. Kila jioni nilimpelekea mkwe mmoja au miwili, na mnunuzi alikuwa amekuja na mipira michache tu, ya kumtosha yeye.

"Bwana mwalimu," aliniambia siku moja akichungulia mfuko wake, "hii ikiisha, narudisha fimbo kwenye gari. Nitakaa ndani ninywe soda mpaka msimu uishe. Jirekebishe."

Alinionyesha kosa langu lilipo. Alisema mimi sipigi mpira, ninalima. Na kweli, kila msimu nilikuwa nalima shamba la mkwe kama inavyotakiwa, na jembe ndilo lililonifundisha kushika mpini. Nilikuwa naikaba fimbo mpaka mishipa ya shingo inasimama, na vifundo vya mikono vimekakamaa.

"Nguvu haitoki kwenye mabega," alisema. "Wala haitoki tumboni, maana ingekuwa hivyo mimi ningekuwa bingwa wa dunia. Mabega yanailetaleta tu hiyo fimbo. Kinachopiga ni vifundo. Ukipandisha, viache vijikunje. Ukishusha, usiviharakishe, vikae vimekunjwa mpaka mikono ifike chini, halafu vitafunguka vyenyewe. Wewe umevifunga. Kwa hiyo uso wa fimbo unafika kwenye mpira umetazama kulia, na mpira unaenda unakotazamishwa. Shika kama umeshika kifaranga. Asitoroke, asife."

Nilimwambia katika mikono yangu vifaranga vyote vimekufa. Akasema ameona.

Nilijaribu kwa siku nyingi. Nikiwaza vifundo, nasahau macho. Nikiwaza macho, vifundo vinakaza. Nilijaribu kwa rula ya ubaoni darasani wakati wa mapumziko, nikapiga chupa ya wino. Kila nilipokasirika, mkono ulikaba zaidi, na nilikuwa nakasirika kila mara. Mipira iliendelea kwenda kwa mkwe.

Mwisho nilikaa nikafikiri kama mtu wa hesabu. Shambani kwa mkwe siruhusiwi kwenda kutafuta, lakini naruhusiwa kwenda kufanya kazi. Basi niende nikafanye kazi. Majani yalikuwa marefu baada ya mvua zilizopita, na chini ya mikorosho lazima pawe peupe kabla ya korosho kuanguka. Jumamosi nilichukua fyekeo nikaingia shambani kwa mama, nimemwambia mke wangu kwamba naenda kumsaidia. Mke wangu alinitazama hivi, akasema, "Kumsaidia mama?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya."

Fyekeo ni ubapa mrefu wa chuma uliopindwa kichwani na kunolewa pande zote mbili, na kila aliyepita shule ya msingi nchi hii amelishika. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa upande wa kusimamia. Kwa hiyo nilifyeka kama ninavyolima, kwa mabega na kwa hasira, na majani yalilala nikipita, nikishapita yakainuka kama darasa lililopewa mgongo na mwalimu. Jua lilipopanda nilikuwa nimepata malengelenge kwenye viganja vyote viwili. Kushika kwa nguvu kukawa hakuwezekani tena, hata ningetaka. Nikalishika fyekeo legelege, kwa vidole, kwa sababu ya maumivu tu, nikisubiri nipate kisingizio cha kwenda nyumbani.

Hapo ndipo lilipoanza kukata.

Sauti yake ilibadilika. Mkono ulitangulia, chuma kikachelewa kidogo nyuma, kisha chini kabisa kifundo kikajifungua chenyewe na chuma kikapita kwa kasi ambayo sikuwa nimeiweka mimi. Majani hayakulala, yalikatika. Nikarudisha kwa upande wa pili, yakakatika tena. Nilisimama nikatazama mikono yangu, nikacheka peke yangu katikati ya shamba. Nilikaribia kusahau kilichonipeleka, mpaka nilipoona kitu cheupe kwenye kisiki, nikakiokota haraka nikakitia mfukoni. Nilijiambia kwamba huo ni ujira wangu.

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kufyeka. Jumamosi asubuhi, na jioni nyingine kabla ya kwenda kiwanjani, nilikuwa chini ya mikorosho ya mkwe. Watu waliopita njiani walinisalimia kwa heshima mpya. Nilisikia kwamba huko Makote mzee mmoja aliwakemea wakwe zake akiwatolea mfano wangu. Na kila nilipomaliza kipande kimoja, sikukosa mpira mmoja kwenye ukingo wa kipande kinachofuata, ndani ya majani, mahali ambapo usingeuona bila kufyeka kwanza. Niliona nina bahati sana.

Jioni moja nilimwambia mke wangu kuhusu bahati hiyo. Alikuwa anakoroga mboga. Aliuweka mwiko chini, akakaa kwenye kigoda, akaanza kucheka mpaka akatoa machozi, tumbo lote likitikisika na mtoto ndani yake.

"Bahati?" alisema. "Mama anayo mipira yako yote kwenye chungu. Ukimaliza upande mmoja, yeye anaenda kutupa mmoja upande mwingine. Jana kaniuliza kama una macho mabovu. Ule wa kwenye kichuguu umeupita mara mbili, ikabidi aende akausogeze."

Hasira ilinipanda. Nilisimama, nikavaa viatu, nikafika mpaka mlangoni. Kisha nikakumbuka kwamba mtu ninayetaka kwenda kugombana naye siruhusiwi kumsemesha. Nikasimama hapo mlangoni na viatu vyangu. Nyuma yangu mke wangu alikuwa bado anacheka, na kidogo kidogo kicheko kikanishika na mimi, nikarudi nikakaa chini, tukacheka wote wawili mpaka mboga ikaungua.

Sikuacha kufyeka. Sasa nilijua, na nadhani yeye alijua kwamba najua. Ilikuwa namna yetu ya kuzungumza. Akitupa mpira kule bondeni, nafyeka bondeni. Nikiacha majani yamesimama mahali kwa uvivu, kesho yake kuna mpira hapo. Siku moja nilikuta chini ya mkorosho kibuyu cha maji kimefunikwa kwa jani. Newala ya wakati ule maji yalikuwa yanatoka mbali bondeni kichwani kwa mtu, na anayekuachia kibuyu kizima hakuachii kwa bahati mbaya. Nilikunywa nikiwa nimechuchumaa, nimeguswa kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini neno hakusema. Mke wangu alikuwa anazidi kuwa mzito, na kila nilipotoka shambani aliniuliza kwa macho tu, na mimi nilitikisa kichwa.

Kule kiwanjani mambo yalikuwa mengine. Mnunuzi alipoona pigo langu la kwanza baada ya malengelenge kupona, alivua kofia. Mpira ulikwenda mbele. Haukujikunja, haukusita, ulikwenda mbele tu mpaka ukapita mwanzi wa kanga nyekundu ambao kabla ya hapo hakuna aliyeufikia isipokuwa yeye.

"Umefanya nini?" aliniuliza.

"Nafyeka."

Alicheka akidhani natania. Nilipomwonyesha, alichukua fyekeo akajaribu mwenyewe, akaumwa kiuno siku mbili. Mimi nilikuwa naruka kwa furaha kila jioni. Nilipiga mpira nikausikia tu unaondoka, bila nguvu, bila mishipa kusimama shingoni, na unafika mbali. Hata darasani nilikuwa mpole, wanafunzi wakashangaa. Ile ya kwenye chungu ilikuwa imeshanirudia yote, na niliyopiga sasa ilikwenda mbele na yote tuliiokota, na kwa siku nyingi sikuwa na sababu ya kukanyaga shamba la mkwe. Niliona hayo ni mafanikio matupu.

Mnunuzi alikuwa na mwenzake Masasi, naye alikuwa ameanzisha kikundi kwenye kiwanja cha ndege cha huko. Wakapatana tushindane Jumapili moja, Masasi waje Newala. Korosho zilikuwa ndio zimeanza kuanguka. Walipanda mlima kwa pikapu wakiimba, na waliponiona nimesimama upande wa Newala, hawakuniacha nipumue. Ndugu zangu mwenyewe wa Masasi, Wamakua wenzangu, waliniita bibi harusi. Mmoja aliniletea upande wa kanga, akasema ni zawadi ya mwali anapotolewa nje.

Mji mzima ulikuja kuangalia. Mnunuzi alikuwa na tabu moja kubwa, maana katika gofu, mtu akiwa anapiga, watazamaji wanatakiwa kunyamaza, na watu wetu hawajawahi kuona mchezo wa kunyamaza. Walishangilia mtu akiinua fimbo, walitoa ushauri, walimuuliza amekula nini. Mnunuzi alikuwa anakimbia huku na huku ameinua mikono, jasho linamtoka, anaomba kimya. Lakini watu waliendelea kujifunza, na kufikia mwisho mwisho walikuwa wamekuwa wakali kuliko yeye. Mtoto akikohoa, anafinywa.

Tulifika shimo la mwisho tukiwa sawa na Masasi. Wao walikwisha kupiga. Ilikuwa zamu yangu, na kama mpira wangu ungekwenda mbele, kama ulivyokuwa unakwenda kila siku, Newala imeshinda. Upande wa kulia, kwenye mpaka wa shamba, wanawake waliokuwa wanaokota korosho walikuwa wameweka chini vikapu vyao. Mama mkwe alikuwa katikati yao, amenipa ubavu kama inavyotakiwa. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye nyasi karibu naye.

Nilisimama. Mnunuzi aliinua mkono. Ukaingia ukimya ambao sijawahi kuusikia Newala, hata msibani. Nikapandisha fimbo, vifundo vikajikunja vizuri, na nilipofika juu kabisa nikasikia sauti ya mwanamke inasema, taratibu, kama mtu anayezungumza jikoni kwake:

"Mwanangu."

Sauti ile nilikuwa naijua vizuri sana, ila haikuwahi kuelekezwa kwangu.

"Mwanangu, naona siku hizi mipira unaipiga inanyooka. Ina maana kwangu huji tena?"

Fimbo ilikuwa imeshaanza kushuka. Mikono ilikaba, vifundo vikakaza, kila nilichofundishwa kikatoka kichwani, nikapiga kama mtu anayelima. Mpira ukapaa juu sana, juu kuliko yote niliyowahi kupiga, ukaanza kujikunja. Ukajikunja kwenda kulia, ukapita juu ya vichwa vya wale wanawake, ukaingia katikati ya mikorosho, tukasikia unagonga matawi, unagonga tena, kisha kimya.

"Umeanguka pale kwenye ule mkorosho mkongwe," mama akasema. Alikuwa ameufuata kwa macho mpaka mwisho. "Majani ya hapo yananifika magotini."

Masasi walikuwa wameshaanza kuruka na kukumbatiana. Mnunuzi alikuwa ametupa kofia yake chini na anauliza, nani, nani aliyesema mtu akiwa anapiga, na hakuna aliyemjibu, maana watu wote wa Newala waliokuwa pale walielewa kilichotokea na walikuwa wanapiga vigelegele wakati timu yao imeshindwa. Niliiweka fimbo chini. Nilitembea hadi mpakani, nikachuchumaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Alikuwa na macho yaleyale ya mke wangu. Sikuwahi kujua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mikono imepona?"

Nilimwonyesha viganja. Aliviangalia, akavigeuza, akabonyeza sugu kwa kidole gumba, akaniachia. Mke wangu alikuwa amekaa palepale chini, ameshika tumbo, anacheka na kulia kwa pamoja, na mama akamwambia ainuke, jua litamuumiza.

Tulirudi nyumbani watatu. Watu wa Masasi walitufuata nyuma wakiimba kwamba bibi harusi amepelekwa kwa mama yake. Tulipofika, mama hakusimama uani kama siku zote. Alipita mlangoni kabla yangu, akaenda moja kwa moja jikoni, akauliza chumvi tunaweka wapi.